Nyirinyiri Katika Supu ya Mama Lien

Tangu nirudi sijala chakula kikatelemka vizuri. Nikikaa tu mezani mtu anavuta kiti: eti ni kweli ulikula majani mabichi kwa vijiti? Eti ulitaka kupigana na bibi kizee kwa ajili ya nyama ya ngamia? Wenzangu wa idarani angalau wanauliza kuhusu ngozi, lakini hao niliwaandikia ripoti na hakuna aliyeifungua. Basi sasa natulia niwasimulie wote mara moja, kituo kwa kituo, halafu mniache nile kwa amani.

Kwa wale wasionifahamu sana, mimi ni mtu wa Mwingi, mkaguzi wa ngozi hapa Garissa. Jina nililopewa na wazazi wangu hapa halina kazi. Naitwa Bwana Ngozi, hata kanisani.

Garissa

Habari yenyewe inaanza na Mama Dahabo, anayeniletea maziwa. Zamani alikuwa na ngamia wake upande wa Habaswein. Vita vilipokuja, ngamia wakaenda wanakokujua wenyewe, na yeye na majirani zake wakaletwa kukaa katika kijiji cha ulinzi pembeni mwa mji, mahali ambapo hutoki bila kibali. Amebaki na mbuzi wachache. Kila asubuhi namwona anakuja na kibuyu chake cha maziwa yenye harufu ya moshi, na kila asubuhi tunagombana kidogo kwa sababu anasema sinywi ya kutosha.

Ana mtoto mmoja tu, Bishar, aliyeondoka kabla ya vita akaenda kufanya kazi melini. Hajui kuandika, na mama hajui kusoma, kwa hiyo salamu zilikuwa zikija kwa midomo ya watu. Baharia alimwambia mfanyabiashara, mfanyabiashara akamwambia dereva wa lori, dereva akampitishia mama. Salamu za mwisho zilitoka Marseille, kule Ufaransa. Kisha vita vikafunga barabara, na midomo nayo ikafungwa.

Sasa mimi nikachaguliwa kwenda Marseille hiyohiyo kutazama viwanda vya ngozi. Sijui nani alimwambia. Siku ya pili yake alifika na kopo kubwa la bati, kifuniko kimezibwa kwa unga uliokandwa.

"Hooyo," akaniambia. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na kwao mama naye humwita mtoto hivyohivyo, hooyo kwa hooyo. "Wewe nakwenda pale mtoto yangu iko. Hii nyirinyiri. Mbe yeye, mkono kwa mkono."

Nyirinyiri, kwa wale mliozoea maharagwe, ni nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaushwa, ikakaangwa, ikazamishwa ndani ya samli yenye hiliki. Hukaa miezi bila kuoza. Mahali alipoipata nyama ya ngamia katika hali ile sikuuliza, na nyinyi msiulize.

"Mama, Marseille ni mji mkubwa," nikamwambia. "Nitampataje?"

"Msomali nauliza Msomali."

"Na akitokea mwongo akasema yeye ndiye Bishar ili ale nyama?"

Alikaa chini. Sikuwahi kumwona akikaa nyumbani kwangu, siku zote alisimama mlangoni kama anayeharakishwa.

"Watu nadanganya mimi sana," akasema. "Tangu hii fita, kila mtu nakuja nasema, Bishar iko hai, Bishar iko mnene, mimi naona yeye. Nataka mimi nalala. Wewe habana leta maneno ya kulala. Kama iko hai, sema iko hai. Kama amekufa, sema amekufa, mimi nasoma dua. Mwambie ahesabu baba zake."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu mababu zake tangu anapoanza kutamka, baba, babu, baba wa babu, kwenda nyuma mpaka pumzi ikate. Mama Dahabo alinifundisha ukoo wa mumewe huku akinisimamia kama mwalimu wa chekechea: Bishar, Abdi, Hirsi, Omar, Guhad, Samatar, Elmi, Geedi, Bulle. Mimi babu yangu mwenyewe namfahamu kwa jina la utani tu. Lakini nilipewa kazi, nikakariri.

Garissa hadi Nairobi

Enzi hizi hakuna mtu anayejiamulia kuondoka Garissa. Unangoja malori yajae, unangoja magari ya askari, halafu unaambiwa leo hakuna safari kwa sababu mashifta, wale waasi wenye bunduki, wameonekana, na aliyewaona hajulikani. Nilingoja kando ya Mto Tana juu ya mzigo wa ngozi mbichi. Abiria wengine walikuwa wakicheza bao. Mimi nilikaa nikitazama maji na kunong'ona: Omar, Guhad, Samatar.

Mwalimu mmoja mwanamke kutoka Nyeri, aliyekuwa anarudi kwao likizo, alinisogelea akaniuliza kama nimefiwa na hao wote.

"Wamekufa, ndiyo," nikamjibu. "Lakini si wangu."

Alihamia lori lingine.

Tulipopata ulinzi tukaenda hadi kizuizi cha kwanza, tukasimama. Askari kijana alipanda kukagua mizigo, akagonga kopo langu kwa kidole. Likatoa sauti nzito. Akaligonga tena, akarudi nyuma.

"Hii ni nini?"

"Nyama."

"Nyama imezibwa na unga?"

Kabla sijajieleza, lori zima lilikuwa limeshuka. Waliinama nyuma ya kichuguu, na mimi nikaambiwa nilifungue mwenyewe, peke yangu, mbali na mafuta ya gari. Nilikwangua ule unga kwa ufunguo wa sanduku langu huku jasho likinitoka, maana na mimi nilishaanza kuogopa. Unaweza kujua kabisa kwamba kitu ni nyama, lakini watu wote wakijificha unaanza kujiuliza. Nikafungua. Harufu ya samli na hiliki ikatoka ikaenda mpaka kichuguuni, na vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Onja kwanza wewe," askari akaniamuru.

Nikaonja. Akaonja yeye. Mkubwa wake akaja kuhakikisha kwamba ni salama, akahakikisha mara kadhaa. Ilibidi nifunge kifuniko kwa nguvu na kusema hii ni ya mgonjwa. Tuliondoka jua limeshageuka. Huko mbele tulipata pancha, tukalala Mwingi kwetu, mahali nilipokuwa nimeaga watu kwa machozi wiki iliyotangulia. Mama yangu aliponiona mlangoni akasema, "Ulaya umeshamaliza?"

Baharini

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni treni, hapo sina malalamiko. Melini ndiko nilikopata adabu. Nilipangiwa chumba na kijana wa Kimadagaska aliyekuwa akienda kusoma udaktari. Kifaransa chake nilikuwa sikijui, Kiswahili changu alikuwa hakijui, na Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuombea maji tu.

Siku za mwanzo sikula kitu. Bahari ilikuwa ikiniinua na kuniangusha, na mimi mtu wa Mwingi nimezoea maji yaliyotulia ndani ya debe. Nilipopata nafuu nikakuta chakula ni mkate mgumu na jibini. Jibini ya yule kijana ilikuwa na ukungu, na alikuwa akiila kwa furaha kubwa, huku akilionyesha kopo langu kwa kidole na kujiziba pua. Haki iko wapi? Nilisogeza kopo miguuni kwangu, naye akasogeza jibini karibu na kichwa changu, tukaishi hivyo.

Kila asubuhi nilikaa kitandani nikapitia mababu wa Bishar, polepole, macho nimefumba, nisije nikawasahau. Siku moja nilipofika kwa Bulle nikasikia sauti kutoka kitanda cha pili ikisema, "Amina." Nilifungua macho nikamwona kijana amepiga magoti, amefanya ishara ya msalaba. Kumbe alidhani nawaita watakatifu. Sikuwa na maneno ya kumweleza, na tangu siku hiyo tulisali pamoja kila asubuhi kupitia Hirsi na Omar mpaka Suez na kuendelea. Nadhani ndizo sala zilizotufikisha.

Marseille, bandarini

Marseille kuna upepo unaopuliza mpaka unakasirika. Asubuhi nilipelekwa viwandani, nikaona ngozi nyingi kuliko nilizowahi kuota. Jioni nilikuwa huru, na kila jioni nilishuka bandarini na kopo kwapani, nikawa nauliza.

Hapo nilifanya ujinga. Kila Msomali niliyemwona, na walikuwepo wengi, mabaharia na wapakuzi wa mizigo, nilimsimamisha nikamwambia kila kitu. Namtafuta Bishar mtoto wa Dahabo, wa Habaswein, mama yake yuko Garissa, ana mbuzi, amemletea nyirinyiri. Wote walitikisa vichwa. Hakuna Bishar. Lakini macho yao yalikuwa hayatoki kwapani kwangu. Mmoja aliniambia anaweza kuwa Bishar kwa jioni moja kama nina shida sana.

Aliyenihurumia ni mzee Warsame, baharia mstaafu aliyewahi kukaa Mombasa, Kiswahili chake safi kunishinda. Kila mtu pale bandarini alimwita Adeer, yaani baba mdogo, na mimi nikaingia humohumo.

"Bwana mdogo," aliniambia, "umetangaza habari za huyu mama bandari nzima. Sasa hata paka wa hapa anajua mama yake Bishar ana mbuzi. Umebakiza nini cha kumpima mtu?"

Nikamwambia nimebakiza mababu.

"Hao usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie." Akajifunga skafu shingoni. "Twende tule. Kuna mama mmoja Mvietinamu, wapakuzi wote wanakula kwake. Wali wake unafanana na wali."

Mezani kwa Mama Lien

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye kichochoro, meza chache, mabenchi, madirisha yamejaa mvuke. Ukutani kalenda, na chini yake madhabahu ndogo yenye machungwa na udi unaofuka. Wapakuzi walikuwa wamebanana, Wasomali, Waarabu, na Wavietinamu wenyewe, kila mmoja ameinamia bakuli kubwa kama beseni la kunawia. Jikoni, nyuma ya pazia, sufuria ilikuwa ikichemka tangu asubuhi.

Mwenyewe alitoka kutupokea. Mama mfupi, nywele nyeupe, mikono mikavu ya mtu wa kazi. Mimi nimelelewa kwamba kitu cha mkubwa hukabidhiwa kwa mikono miwili, ukiinama kidogo. Nilitaka anihifadhie kopo mahali salama nikanawe. Basi nikainama, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Naye akainama, akalipokea kwa mikono miwili, akanitazama kwa namna iliyonifanya nijione mtu mwema, akaingia nalo jikoni. Nikaenda kunawa, moyo mweupe.

Mezani tuliletewa kwanza sahani ya majani. Si mboga zilizopikwa, majani, na mashina yake: nanaa, dania, na mengine ambayo kwetu mbuzi ndiye angeyajua. Vipande vya ndimu. Pilipili nyekundu. Na kibakuli cha maji ya kahawia yaliyonuka samaki aliyekosewa heshima.

"Hii ni nini, Adeer?"

"Samaki waliochachushwa kwa chumvi. Unatia kidogo."

"Nyinyi watu wa ngamia si hamli samaki?"

"Mimi ni baharia. Baharia asiyekula samaki atakula kamba za meli."

"Na nyama yake?"

"Ya ng'ombe. Kwa ajili yetu hununua kwa mchinjaji Mwarabu, nimekwenda mwenyewe kumwona. Kula, acha kunihoji."

Mabakuli yakaja. Ni supu, tambi nyeupe za mchele chini, vitunguu juu, na moshi unaopanda usoni. Nikachukua vijiti vya kulia. Vijiti viwili, mkono mmoja. Nilipokamata tambi ikateleza ikanipiga kidevuni, nikaikamata tena ikaingia mkononi mwa shati. Mpakuzi wa meza ya pili aligeuka ukutani ili anicheke kwa heshima. Nikaviweka chini nikaomba kijiko, na hapo ndipo nilipoinua bakuli nikatazama vizuri.

Juu ya supu kulikuwa na vipande vidogo vyeusi. Vidogo kama punje za mahindi. Na samli ilikuwa imetandaa kwa matone ya dhahabu, inanukia hiliki.

Adeer Warsame alikuwa amefumba macho, mdomo umejaa. "Ya Allah," alisema polepole. "Leo Mama Lien amepika kama mama yangu."

Niliruka. Benchi likaanguka na mtu aliyekuwa upande wa pili wake. Kila bakuli nililotazama, kwenye kila meza, lilikuwa na nyirinyiri ya Mama Dahabo, na watu walikuwa wanatafuna. Nilivuka bahari mbili na kopo lile, nimelinyima jeshi, nimelala nalo miguuni, na sasa lilikuwa linaliwa na watu nisiowajua hata majina. Nikaingia jikoni nikipiga kelele kwa Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, na Mama Lien akanipigia kelele kwa lugha zake, mwiko mkononi. Hicho ndicho kisa cha kupigana na bibi kizee. Hatukupigana. Warsame aliingia katikati akatutafsiria.

"Anasema umempa zawadi kwa mikono miwili, naye ameipokea kwa mikono miwili. Anasema kwao zawadi ya chakula hailiwi na mtu mmoja. Anauliza, ulitaka aile peke yake jikoni kama mwizi?"

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikamwambia Warsame amweleze kwamba ile ilikuwa ya mtoto wa mtu, na kwamba kwetu kuna vita, na mama yule hana kingine. Mama Lien alisikiliza mpaka mwisho. Akashusha mwiko. Akasema neno moja fupi, kisha akaniletea kopo. Kulikuwa kumebaki chini kabisa, kiasi cha kiganja.

"Anasema hata kwao kuna vita," Warsame akasema kwa sauti ndogo. "Anaomba umsamehe."

Nilikuwa bado nimelishika kopo wakati pazia lilipofunguliwa. Alisimama pale kijana mrefu, mwembamba, amevaa koti la bluu la wapakuzi, bakuli lake mkononi. Alikuwa hatumii tena vijiti. Vidole vyake viling'aa samli. Akauliza kwa Kisomali, na Warsame hakuhitaji kunitafsiria maana hata mimi nilimwelewa: nani ametengeneza nyama hii?

"Roble," Warsame akamwambia, "rudi ukale."

"Mimi si Roble." Akanigeukia, akaendelea kwa Kiswahili kilekile cha Mama Dahabo. "Mimi Bishar. Hii mkono ya mama yangu. Mama yangu alikufa. Nani anabika hii?"

Warsame akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka yote hii wewe ni Roble wa Jibuti. Leo imeingia nyirinyiri, umekuwa Bishar wa Habaswein."

Kijana akaeleza, haraka haraka, macho hayatoki kwenye kopo. Hapa Marseille hupati kazi melini wala bandarini bila karatasi za Jibuti, koloni la Wafaransa, kwa hiyo alizichukua za Roble fulani, na hakuthubutu kuitikia jina lingine. Nilipokuwa natangaza bandarini alikuwa melini, ndiyo kwanza ameshuka. Na baharia mmoja alimwambia zamani kwamba watu wa kambi yao walikwisha wote katika vita, mama yake akiwemo. Alisoma dua. Akaacha kutuma salamu, maana angemtumia nani?

Nilitaka kumwamini. Lakini nilisikia sauti ya Mama Dahabo masikioni, usiniletee maneno ya kulala. Na yote aliyosema angeweza kuyaokota bandarini, nilipoyamwaga mwenyewe.

"Hesabu baba zako," nikamwambia.

Wapakuzi wakaacha kula. Wasomali waliokuwemo wakasogea mlangoni, Mama Lien naye, bila kujua tunafanya nini, akapunguza moto. Kijana akajifuta mkono kwenye koti, akasimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Bishar, Abdi, Hirsi, Omar, Samatar, Elmi..."

"Simama," nikasema. "Umeruka mtu."

"Sijaruka."

"Omar alizaliwa na nani?"

"Samatar."

"Omar alizaliwa na Guhad," nikamwambia, mimi Mkamba wa Mwingi. "Guhad ndiye mtoto wa Samatar."

Akatazama sakafuni. "Ndiyo," akasema. "Guhad. Guhad iko."

Lakini nilikuwa nimeshamtajia. Nimeuvunja mtihani kwa mdomo wangu mwenyewe. Aliwataja waliobaki, Elmi, Geedi, Bulle, bila kosa, lakini nani angesikiliza tena? Wasomali walikuwa wameanza kunong'onezana, na Warsame alitikisa kichwa. "Mtoto wa miaka sita haruki babu," aliniambia. "Huyu amewasikia watu wa huko akaokota majina. Ni njaa tu, msameheni."

Nilimwuliza yule kijana kama naweza kumpiga picha, nikamwonyeshe mama. Alikataa, akaogopa, kwa sababu ya zile karatasi. Hilo nalo likazidi kumharibia. Lakini alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya wenzake wa kazi, na wala hakujificha. Mwongo naye hulia, najua. Nilisimama pale nikipima, na sikuwa na chochote cha kupimia.

Mwishowe nikampa kopo, kwa mikono miwili. Alilipokea hakulifungua. "Mwambie iko hai," akasema. "Mwambie fita ikiisha nakuja."

Mama Lien akatuketisha wote upya, akatuletea supu nyingine isiyo na nyirinyiri. Tulikula. Ilikuwa tamu, na nilipotia yale maji ya samaki ilizidi kuwa tamu, hilo sitalificha, na majani niliyala yote.

Kurudi

Njia ya kurudi sikufurahia kitu. Nilikuwa na chumba cha peke yangu melini, bila jibini, bila sala. Kila asubuhi nilijikuta nahesabu, na kila nikifika kwa Omar nasikia sauti ya yule kijana inaruka. Nilimaliza bahari yote nikijiuliza nitamwambia nini mama wa watu. Nikisema ni hai na si yeye, nimekuwa mmoja wa wale waongo wake. Nikisema sijampata na kumbe ndiye, nimemzika mtoto aliye hai. Kabla ya Nairobi nilikuwa nimeamua: nitasema ni hai, basi, anywe maziwa yake alale.

Msafara wa kurudi haukuchelewa hata kidogo. Ukitaka uchelewe, hauchelewi.

Nilimkuta kijijini kwao, nje ya kibanda chake, anakamua mbuzi. Hakuniuliza habari za Ulaya wala za safari. Hakuniuliza hata kama nilimwona. Alimwachia mbuzi aende na maziwa nusu.

"Alihesabu baba zake?"

Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu yote, na yote yakanipotea.

"Alihesabu, Hooyo," nikasema. "Lakini kuna mtu alimruka. Wasomali wa kule wanasema ni mwongo. Mimi sijui. Nisamehe, mimi sijui."

"Aliruka nani?"

"Guhad."

Aliweka kibuyu chini taratibu, akanikamata mkono. "Sema tena."

"Alisema Omar, halafu Samatar. Guhad hayupo. Nikamkosoa mimi."

Mama Dahabo akacheka. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kwa kifua chote, mpaka jirani akatokeza kichwa.

"Hiyo mtoto yangu," akasema. "Baba yake alifinya masikio yake. Mwalimu ya Kurani alichaba yeye. Mimi nilinyima yeye maziwa. Kila siku Omar, Samatar, Omar, Samatar. Guhad habana ingia kichwa yake. Mwongo atahesabu sawasawa, hooyo. Mwongo atajifunza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningesema wewe, wewe ungesema dunia yote." Nikakumbuka bandari. Akaendelea kunishika mkono. "Amekonda?"

"Amekonda kidogo. Lakini anakula. Kuna mama anamlisha."

"Nyirinyiri alibata?"

Nikamweleza habari ya supu, sikuficha. Alikunja uso, akauliza kama wale watu waliipenda. Nikamwambia walilamba mabakuli. Akasema ni sawa, lakini safari nyingine nisimpe mtu kitu kwa mikono miwili kabla sijamaliza kusema.

Kisha akaniomba nihesabu kama alivyohesabu Bishar, kwa sauti yake, nisimame kama alivyosimama. Nikasimama wima pale kati ya mbuzi. Bishar, Abdi, Hirsi, Omar, Samatar. "Guhad," akanikatiza. Akaniomba tena. Nikaanza tena, na kila nikiruka ananikatiza, "Guhad," huku majirani wakizidi kukusanyika na yeye akiwaonyesha mdomo wangu kwa kidole. Nilirudia mpaka koo likakauka. Mara ya mwisho, nilipotoka kwa Omar nikaingia kwa Samatar, hakunikosoa. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio wake, analia, na mkono wake unanipungia niendelee.